Uvungu wa Nyumba ya Bi Ardelia

Lemuel Spruill aliwajua watu wa mtaa wake kutokea chini. Wengine wangekuambia nani kanunua gari na nani kapaka rangi baraza lake. Yeye alijua sakafu ya nani imeanza kulegea karibu na jiko, bomba la nani linavuja kidogo kidogo na mwenyewe anajifanya haoni, na nani anaficha chupa nyuma ya tofali bovu pale kwenye kilango cha uvungu. La chupa hakuwahi kulitoa kinywani. Kazi yake ilikuwa unyevu na harufu, chupa haikumhusu.

Nyumba za mji ule mdogo kando ya Mto Roanoke, huko Carolina ya Kaskazini, hazikai chini moja kwa moja. Zimeinuliwa juu ya ukuta mfupi wa tofali, na kati ya ardhi na mbao za sakafu pana nafasi ambayo mtu mzima hapiti ila kwa tumbo. Ndio huo uvungu. Humo yanapita mabomba ya maji, nyaya, na siku hizi mabomba makubwa ya hewa baridi. Humo pia ndimo unyevu unamofanya makazi, maana udongo wa pale ukichimba shimo la mche wa nyanya asubuhi, mchana unakuta maji yanakutazama. Unyevu ukikaa unazaa kuvu, kuvu inazaa harufu, na harufu haina adabu: inapanda juu mpaka kitandani kwa mwenye nyumba.

Lemuel alianza kazi hii akimfuata mjomba wake fundi bomba, akaendelea nayo mjomba alipostaafu na kusema magoti yake yamekataa giza. Alikuwa mrefu, mwembamba kama fimbo ya kuvulia samaki, na kabla ya kuingia chini ya nyumba yoyote alikuwa akigonga kilango kwa kitako cha tochi yake na kungoja kidogo. Nyoka, paka, panya, wote alitaka wajue anakuja. "Nyinyi ndio wenyeji," alikuwa akiwaambia, "mimi mpita njia tu." Enzi za mkewe Bernice hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele na nguo za kazi, alizivulia baraza la nyuma, akakabidhiwa taulo. Tangu Bernice afariki angeweza kupita na matope yake mlango autakao, na bado alivulia nyuma.

Basi mwezi wa sita, joto likiwa limeshaanza kukaa juu ya watu kama blanketi lililoloa, simu yake ililia. Alikuwa Bi Ardelia Moye.

"Lemuel, njoo. Kuna kitu kimefia chini ya nyumba yangu."

"Kimefia au kimelala?"

"Kilicholala hakinuki hivi."

"Bi Ardelia, leo upepo unatoka kinuni." Kinu cha karatasi kilikuwa ng'ambo ya mji, na upepo ukigeuka kila mtu alikuwa na kisingizio cha harufu yoyote.

"Harufu ya kinu unaniambia mimi? Nimelala nayo kitanda kimoja ndoa nzima. Njoo."

Hilo la kitanda lilikuwa kweli. Marehemu mumewe, Hosea, alifanya kazi kinuni tangu ujana, na kila jioni alirudi na harufu ile shingoni. Hosea alikuwa rafiki wa Lemuel, wa kuvua naye samaki na kubishana naye juu ya kila kitu isipokuwa watoto wa mwenzake. Miaka michache ilikuwa imepita tangu wamzike. Majira yaleyale ya mwaka uliotangulia Lemuel alitandika nailoni nzito uvunguni kwa Bi Ardelia, ukuta kwa ukuta, akaweka mashine ya kukausha hewa, na baridi ilipoanza akaviziba vidirisha vyote vya hewa vya uvungu kwa vipande vya sponji ngumu. Harufu ilikwisha. Sasa imerudi vipi?

Alifika Alhamisi asubuhi. Bi Ardelia alimpokea mlangoni na aproni yake, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyopika chakula cha shule ya mji mpaka akastaafu. Alimnong'oneza kana kwamba harufu ina masikio.

"Ingia chini, mimi nipo jikoni. Wenzangu wanakuja kushona, usije ukatokeza sebuleni na tando za buibui kichwani."

"Na mimi nilitaka nisalimie."

"Salimia ukishaoga."

Lemuel akagonga kilango, akangoja, akaingia. Harufu ilimpokea kabla ya buibui. Akamulika tochi. Pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto, iliyokuwa imepachikwa kati ya boriti za sakafu ilikuwa imelowa na kuning'inia kama matambara ya kufulia. Mabomba ya hewa baridi yalikuwa yanatoka jasho, tone baada ya tone, na maji yamesimama madimbwi madimbwi juu ya nailoni yake nzuri. Boriti zilikuwa na kuvu nyeupe yenye manyoya. Mashine ilikuwa inanguruma mfululizo bila kupumzika, kama mtu anayekausha mto kwa kijiko. Halafu akaona mwanga. Vidirisha vyote vilikuwa wazi, na vipande vya sponji vimepangwa vizuri pembeni, kimoja juu ya kingine.

Hakuwa amemaliza kushangaa aliposikia viti vinasogezwa juu yake. Sauti hupita sakafuni vizuri kuliko watu wanavyodhani, na ya Dada Mozelle Biggs ingepita hata kwenye lami.

"Yuko wapi?"

"Jikoni, nasikia sufuria." Huyo alikuwa Dada Inez, mpole, aliyekuwa akiongea kana kwamba kuna mtoto amelala karibu.

"Basi sikilizeni upesi. Mama yake yule bibi harusi wa Norfolk kanipigia. Ule mfarishi wetu wa viraka tuliompelekea binti yake, anasema ulipofunguliwa kwenye boksi ulinuka kama viazi vilivyosahauliwa chini ya kitanda."

"Kasema hivyo kweli?"

"Kasema una harufu ya kale. Viazi naongeza mimi. Wameuanika wiki nzima. Jamani, vitambaa vinakaa humu, pamba inakaa humu, na sisi tunakaa humu. Juzi mume wangu kaninusa nguo, kaniuliza kama nimetoka kaburini."

Wanawake wakacheka, halafu wakanyamaza, maana waliona haya kwa kucheka.

"Atakufa moyo," alisema Inez. "Alhamisi ndiyo yake."

"Ndiyo maana hatutasema harufu. Tutasema mwanga. Kwako kuna madirisha makubwa na macho yetu yamezeeka. Ikishapita Jumapili ya Marejeo, fremu inahamia kwako."

"Mozelle, atajua."

"Atajua, ndiyo. Lakini atakuwa na kitu cha kushika, asiaibike."

Lemuel alilala pale kifudifudi kwenye dimbwi, hathubutu kukohoa. Ile fremu aliijua. Ilikuwa ya mbao ndefu nne, imening'inizwa kwa kamba kwenye ndoano ambazo Hosea alizipigilia darini walipokuwa bado maharusi. Alhamisi inashushwa, wanawake wanaketi kuizunguka na kushona mifarishi ya viraka kwa ajili ya maharusi, wachanga na wagonjwa wa mtaa mzima. Jioni inapandishwa, sebule inakuwa sebule tena. Watoto wa Bi Ardelia walikuwa Baltimore. Hosea alikuwa makaburini nyuma ya kanisa. Ukitoa Alhamisi, kilichobaki kwenye nyumba ile ni redio na saa ya ukutani. Lemuel alijua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa. Alikuwa anaishi katika moja.

Jumapili ya Marejeo, ile siku ya mwezi wa nane ambayo waliohamia miji mikubwa wanarudi kusali na kula nyumbani, haikuwa mbali. Lemuel akangoja mpaka wanawake walipoinama kuombea chakula, akatambaa, akaziba vidirisha kimoja kimoja, akatoka.

"Ni nini?" aliuliza Bi Ardelia kwenye mlango wa jikoni.

"Unyevu tu. Tutaushughulikia."

"Hakuna kilichokufa?"

"Bado," alisema Lemuel, akajutia ulimi wake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alirudi. Vidirisha vilikuwa wazi, sponji zimepangwa. Akadhani ni watoto wa jirani. Akaziba tena. Aliporudi mara ya tatu ilikuwa asubuhi mapema, na alipokata kona ya nyumba alisimama ghafla kama aliyekanyaga reki.

Bi Ardelia alikuwa amevaa kofia ya Hosea, ile ya majani yenye ukingo uliotafunwa. Alikuwa anazunguka nyumba kwa mkono wa kulia, na kwenye kila kidirisha aliinama, akachomoa sponji, akasukuma kifuniko kwa mpini wa ufagio mpaka kikafunguka, halafu akaupapasa ukuta mara moja kama mtu anayempapasa ng'ombe. Alikuwa anaongea na marehemu, taratibu.

"Lemuel kasahau tena, baba. Mtu mzuri, ila kichwa kinaanza kuchoka. Anaziba akifanya kazi, akimaliza anasahau kufungua. Sisemi kitu, nitamwaibisha bure."

Lemuel akarudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye gari lake.

Alikaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, bila kuwasha. Sasa alielewa yote. Mtaani kwao Jumatatu ya Pasaka ilikuwa siku ya vidirisha. Watu walikula mabaki ya nyama ya Jumapili, wakavaa suruali safi, na kila mwanamume akazunguka nyumba yake kufungua vidirisha vya uvungu ili nyumba ivute pumzi kiangazi chote. Baridi ya kwanza ikianguka, vinafungwa. Baba yake Lemuel alifanya hivyo, na Hosea alifanya kwa heshima zote, kuanzia kidirisha cha kulia kwa mlango, na asiyefungua alionekana mvivu. Sasa Hosea hayupo, na mkewe anamfanyia.

Na vidirisha hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaiharibu nyumba yake.

Lakini unamwambiaje mjane hilo? Na anayemwambia ni nani? Lemuel, ambaye pale kanisani wameshaanza kumtania kwamba anapita sana kwa Bi Ardelia kuliko unyevu unavyohitaji. Angeonekana anamsema marehemu vibaya ili apate nafasi ya kiti chake. Na utani wa kanisani, bahati mbaya, haukuwa wa uongo kabisa.

Basi akafanya alichoweza ili asiseme. Alimwaga chokaa. Alileta mashine ya pili. Mwishowe alileta feni kubwa, akaifunga kwenye kidirisha cha nyuma, akijiambia kwamba kama vidirisha havifungiki, angalau hewa izunguke. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Hewa ya nje mwezi wa saba pale kwao unaweza kuikamua kama taulo, na feni iliivuta hewa ile yote, mchana kutwa, ikaipeleka kwenye sakafu iliyopoa. Ilipofika Alhamisi harufu ilikuwa inakutana na wageni getini.

Siku hiyo Dada Mozelle alizungumzia mwanga. Alizungumza muda mrefu sana juu ya mwanga.

Kesho yake Bi Ardelia alimwita Lemuel, na hakumwambia aingie chini. Alimkalisha barazani, akamletea chai ya barafu kwenye glasi ndefu, naye akaketi kwenye kiti cha pili akitazama barabara.

"Wanahamisha fremu," alisema.

Lemuel akaitazama barabara naye.

"Eti mwanga. Inez ana mti mkubwa mbele ya hayo madirisha yake, sebuleni kwake mchana wanawasha taa. Wananionaje, mtoto mdogo? Mozelle kakaa kwangu leso puani, anasema ana mafua. Mafua mwezi wa saba."

"Mozelle anakupenda."

"Najua ananipenda. Angenichukia angeniambia ukweli." Akageuka. "Wewe ulikuwa unajua."

"Niliwasikia. Nilikuwa chini."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimelala kwenye maji, Bi Ardelia. Ningesema nini, hodi?"

Kicheko kilimtoka kidogo, kisha akakirudisha. "Nimekuita mara ngapi, Lemuel? Unakuja, unaingia, unatoka, unasema tutaushughulikia. Nyumba inazidi kunuka. Kama umeshindwa niambie, nitaita mtu wa mjini."

Lemuel aliishika glasi yake bila kunywa. Ilikuwa inatoka jasho, na maji yalikuwa yanamtiririkia vidoleni na kudondoka kwenye goti la suruali yake. Alilitazama doa likikua. Akaona kwamba hana namna nyingine.

"Ni vidirisha," alisema. "Ninavyoviziba. Unavyovifungua."

Bi Ardelia aligeuza kiti kumwelekea.

"Uliniona."

"Nilikuona. Na kofia."

"Na hukusema kitu."

"Wewe ulisema kitu? Unasema kichwa changu kimechoka, unamwambia Hosea, mimi mwenyewe huniambii."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Na mimi nilikuwa nakusitiri. Ndio maana nyumba inaoza."

Aliposikia neno hilo Bi Ardelia alisimama. Alikuwa mfupi, lakini Lemuel alijiona kama mtoto wa darasa la kwanza aliyerudisha chakula.

"Hosea alifungua vile vidirisha kila Jumatatu ya Pasaka tangu tuingie humu. Kila mwaka. Nyumba haikunuka. Leo umekaa kwenye baraza lake, unakunywa chai yake, unataka kuniambia mume wangu alikuwa hajui alichokuwa anafanya?"

"Alikuwa anajua."

"Sasa?"

"Kaa kwanza, tafadhali. Unanitisha ukisimama."

Alikaa, ukingoni mwa kiti.

"Wakati wa Hosea mlikuwa mnapoozaje nyumba?"

"Madirisha. Na feni ya darini. Hosea hakutaka kiyoyozi, alisema kinamletea mtu kifua."

"Nani kaweka hiki?"

"Binti yangu. Baada ya msiba. Alisema siwezi kukaa peke yangu na joto hili."

"Basi. Wakati wa Hosea, ndani joto, nje joto, chini joto. Upepo unaingia kidirisha hiki unatokea kile, unabeba unyevu unaondoka nao. Alikuwa sawa kabisa. Baba yangu alikuwa sawa, mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo. Sasa hivi sakafu yako ni ya baridi. Mabomba ni ya baridi." Akaiinua glasi, maji yakamdondokea tena. "Hii haijatoboka, Bi Ardelia. Maji haya hayatoki ndani. Yanatoka hewani, yameona baridi yakawa matone juu yake. Ukifungua vidirisha siku hizi unailetea sakafu yako hewa ya mtoni, ilie juu yake kiangazi kizima. Hosea hakukosea. Nyumba ndiyo iliyobadilika, na yeye hakuwepo kuiona."

Bi Ardelia aliichukua ile glasi mkononi mwake, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye jasho lake. Gari la jirani likapita, akainua mkono kumsalimia bila kutazama.

"Nenda nyumbani, Lemuel," alisema mwishowe.

Akaenda. Alijiambia ndiyo imekwisha, amepoteza Alhamisi ya Bi Ardelia na siku zake mwenyewe zote kwa pamoja. Alivulia nguo baraza la nyuma ingawa siku hiyo hazikuwa chafu.

Asubuhi simu ililia kabla hajanywa kahawa.

"Njoo na tochi," alisema Bi Ardelia. "Mimi nitaziba kwa nje. Wewe uwe ndani, uniambie kama kuna mahali mwanga unapita. Nikifanya kitu sifanyi nusunusu."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Lemuel alilala uvunguni, kwanza akaing'oa ile feni na kuisukumia mbali, halafu akamsikia Bi Ardelia nje, pumzi zake na viatu vyake kwenye majani. Alianza kidirisha cha kulia kwa mlango. Uso wake ulitokea kwenye wavu, na kofia juu yake.

"Unaniona?"

"Nakuona. Unaonekana kama mtu anayekuja kunitembelea jela."

"Ungekuwa jela ningekuletea chakula. Hapa sikuletei." Kifuniko kikasukumwa, sponji ikaingia. "Mwanga?"

"Kidogo, kushoto. Sukuma. Basi."

Wakazunguka nyumba namna hiyo, yeye nje kwa miguu, Lemuel ndani kwa tumbo, wakikutana kwenye kila tundu. Uvungu ukaenda ukitiwa giza kidogo kidogo. Bi Ardelia alikuwa akisema maneno mengine ambayo hayakuwa ya Lemuel, na Lemuel hakuyasikiliza, ingawa yalimfikia. Walipofika kidirisha cha mwisho, cha upande wa jikoni, Bi Ardelia alichuchumaa na hakukisukuma.

"Hapa ndipo Hosea alipokuwa akimaliza," alisema. "Halafu anakuja mlango wa jikoni na mikono michafu, ananibusu, nampiga na kitambaa."

Lemuel alikuwa na utando wa buibui mdomoni na hakuthubutu kuutema.

"Wewe usitarajie kitu," alisema Bi Ardelia, na akafunga.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono na subira. Lemuel aliivuta nje pamba yote iliyolowa, mifuko kwa mifuko, akajikuna wiki nzima. Alisugua boriti kwa brashi na dawa ya kuua kuvu, akavika mabomba ya baridi koti jipya, akaziba nyufa za kilango kwa mpira. Alikausha madimbwi kwa tambara, akabandika mahali nailoni ilipochanika. Mashine ya kukausha hewa aliitolea mpira wa maji mpaka kwenye mfereji wa barabarani, na siku za kwanza ilitiririka kama kuna mtu kasahau bomba wazi. Bi Ardelia alikuwa akitoka asubuhi kuutazama mpira ule, mikono kiunoni. "Haya yote nilikuwa nayanusa," aliwaambia wapita njia. Kisha yakawa matone. Kisha mashine ikaanza kunyamaza kwa saa kadhaa, na Lemuel akalala chini ya sebule akisikiliza ule ukimya kama mtu mwingine anavyosikiliza kwaya.

Lakini pua za watu hazisahau upesi, na wanawake walikuwa wameshakubaliana. Jumapili ya Marejeo ilipita, na mapambio yake na samaki wa kukaanga na pai za viazi vitamu. Jumatano yake Dada Mozelle alimpigia Lemuel.

"Una ngazi?"

"Ninayo."

"Kesho njoo kwa Ardelia utushushie ile fremu na uzing'oe zile ndoano. Ndoano sisi hatuzifikii. Na usiniulize kwa nini, nina moyo mzito tayari."

Lemuel alifika na ngazi begani. Wanawake walikuwa wamesimama sebuleni na mikoba yao, hakuna aliyeketi. Bi Ardelia alikuwa amesimama katikati, amevaa gauni lake la kanisani, na mkononi alishika kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa.

"Kabla hajapanda," alisema, "Mozelle, shika hiki."

"Cha nini?"

"Kimekaa kwenye kabati langu pamoja na vitambaa vyetu tangu wiki iliyopita. Chini kabisa. Kinuse."

"Ardelia, mwenzangu, sisi tulisema mwanga."

"Mlisema mwanga, nimewasikia, ahsanteni. Sasa kinuse."

Mozelle alitazama huku na huku akitafuta msaada, akaukosa. Inez alikuwa anasoma zulia. Basi Mozelle akakikunjua kile kitambaa, akakipeleka usoni kama anayejitupa kwenye maji baridi, akavuta pumzi. Akavuta tena, taratibu zaidi. Akakigeuza upande wa pili. Kila mtu sebuleni alikuwa anaitazama pua ya Mozelle Biggs, na Lemuel, mguu mmoja kwenye ngazi, aligundua kwamba amekuwa akiizuia pumzi yake mwenyewe.

"Kinanuka sabuni," alisema Mozelle.

"Na nini?"

"Na sabuni." Akampa Inez, Inez akanusa, akampa mwingine, kikazunguka chumba kizima. Mozelle akaenda mwenyewe kwenye kabati, akaingiza kichwa ndani, wakasikia sauti yake ikitokea huko. "Na huku pia. Ardelia, umefanya nini?"

"Nimeziba vidirisha."

"Mwezi wa nane?"

"Mwezi wa nane. Hosea angeziba." Alilisema bila kumtazama mtu. "Mngeniambia ukweli mapema, ningeziba mapema. Mfarishi wa Norfolk, Lemuel kaniambia, nitaufua mwenyewe na kuupeleka kwa mkono wangu."

Mozelle alitoka kabatini, nywele zimevurugika. Alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi kwa sauti ndogo, kwa hiyo hakuomba. Aliivua saa yake ya mkononi, akaitia mkobani, akakunja mikono ya gauni, akamgeukia Lemuel.

"Unangoja nini na hiyo ngazi?"

"Uliniambia nizing'oe ndoano."

"Nimekwambia ushushe fremu. Ishushe. Nusu ya asubuhi imeshakwenda na hatujapiga hata mshono mmoja."

Lemuel akapanda, akafungua kamba. Fremu ikashuka polepole, wanawake wakaipokea kwa mikono yao kila mmoja kwenye kona yake, kama walivyokuwa wakiipokea miaka yote. Alipomaliza alibeba ngazi yake kuelekea mlango wa nyuma, maana ndio mlango aliouzoea.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Ardelia.

"Kuangalia chini mara moja."

"Chini pazuri. Umeniambia mwenyewe." Akasukuma kiti kwa mguu, kile cha karibu na chake. "Kaa hapa, ushike uzi. Na uvue hivyo viatu, hii ni sebule ya watu."